Aliyeshika Shuka

3 Machi 1996

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ghala la barafu, ambako hata kalamu inagoma kuandika. Mimi mzima, ukiacha mafua. Baba mgongo wake vipi? Na Mama?

Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa chumba akauliza kuna nini. Kwa hiyo Baba anaagwa kazini, sherehe ni sebuleni kwetu, na mpiga picha ni wewe, uliyewahi kufungua kamera filamu ikiwa ndani ili uone kama picha zimeingia.

Haya, sikiliza. Sebule ile ina dirisha moja na balbu moja. Wakijaa watu thelathini, ni giza tupu. Ukiwapiga flashi usoni watatoka kama waliomwagiwa unga, na kila mmoja kivuli chake cheusi kimebandikwa ukutani. Flashi niliyokuachia shingo yake inageuka. Ielekeze darini, mwanga ugonge juu kisha uwashukie. Kama dari si jeupe, chukua shuka jeupe, mtu alishike juu pembeni yako, na wewe upige flashi kwenye shuka. Mtafute asiye na hamu ya kupigwa picha. Picha zikitoka, kagua macho. Jicho lenye kinukta cheupe ni zima, mwanga umelifikia. Lisilo nacho huwa kama la mfu.

Una picha thelathini na sita tu, usiwe na pupa. Na Mama usianze naye. Akiona kamera anakaza shingo kama yuko mbele ya hakimu. Mwache awe wa mwisho, wageni wakishashiba na yeye ameshasahau kwamba unapiga. Picha yake niliyo nayo ni ile ya kitambulisho, ya miaka saba iliyopita, na mdomo umeanza kufutika kwa kushikwashikwa. Karatasi zangu za kuishi huku bado hazijatoka, na nikiondoka kabla hazijatoka sitaruhusiwa kurudi. Nataka hiyo picha moja tu. Hizo thelathini na tano ni zenu.

Kaka yako

*

28 Aprili 1996

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku nne kabla ya sherehe. Baba mzima, mgongo umetulia tangu aache kubeba magunia ya unga. Mimi mzima. Mama anakusalimu sana.

Kwanza ujue dari si jeupe. Baba alilipaka kijani mwaka juzi, rangi iliyobaki kule kwenye kiwanda cha mikate, na hataki kusikia neno baya juu yake. Ningeelekeza flashi huko, wageni wote wangetoka wamekaa kama wanaotaka kutapika. Basi nikachukua shuka la kitandani kwa Mama. Nilitaka kumpa jirani yetu Mzee Redio alishike, lakini yeye na kamera ni chanda na pete. Nikigeuka huku yupo, nikigeuka kule yupo. Mama akalichukua mkononi mwangu, akasema, "Leta hapa, nitashika mimi." Akapanda kwenye kile kigoda cha jikoni, akasimama kushoto kwangu muda wote.

Utaona mwenyewe, picha zimo humu ndani. Baba anacheka mpaka pengo linaonekana. Bosi wake alimpa saa ya ukutani, mtu aliyeamka saa tisa usiku kwa miaka thelathini na mmoja. Baba akasema ataitundika chooni. Nimekagua macho, Kaka. Vinukta vyote vipo. Yule wa duka la picha aliniuliza nimefundishwa na nani.

Ya Mama haikuwezekana, filamu iliisha. Ile ya thelathini na sita, ambayo nimekatwa paji la uso, aliipiga yeye. Aliniomba kamera ajaribu. Usinikasirikie, nitampiga siku nyingine.

Mdogo wako, Chiriku

*

30 Mei 1996

Chiriku,

Natumaini mnaendelea vizuri hapo nyumbani. Mimi naendelea.

Nimezitandaza picha zote kitandani na nimezihesabu. Mzee Redio yumo mara saba. Bosi wa Baba, mara tano. Keki peke yake, bila mtu, mara mbili. Mama hayumo hata mara moja. Vidole vyake vinne tu, kwenye ukingo wa shuka, pembeni mwa picha ya tisa.

Nilikuomba kitu kimoja. Unamsimamisha mwanamke wa miaka sitini na mitatu juu ya kigoda muda wote, sherehe ya mume wake, nyumbani kwake, ashike shuka kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu ya mwisho unajipa wewe, tena umenuna. Hata Mzee Redio asingefanya hivyo. Picha ni nzuri, sikatai. Mwanga umekaa mahali pake. Lakini mwanga wa nini sasa, kama niliyemtaka hayupo?

Sina la ziada. Mpe Mama barua hii aisome, labda yeye atakuonea aibu.

Kaka yako

*

14 Julai 1996

Kaka,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali ipi. Najua simu ya Baba ilikufikia kazini.

Barua yako ilifika siku ya tatu baada ya kumzika Mama. Uliandika nimpe aisome. Niliisoma peke yangu jikoni, nimekaa kwenye kigoda kile kile.

Nilikudanganya. Filamu haikuisha. Nilihesabu kwa vidole usiku mzima, nikabakiza moja kama ulivyosema. Wageni walipoondoka nikamwambia Mama, sasa ni wewe, keti. Akalikunja shuka taratibu. Wewe hukuona jinsi alivyokuwa. Lile gauni la bluu alilipunguza kwa pini nne mgongoni, na mikono, Kaka, nilikuwa naishika kwa vidole viwili tu vikakutana. Daktari alikuwa ameshatuambia tangu Februari. Mama akasema, "Akiniona hivi, kesho yake ataacha kila kitu aje. Halafu atakaa hapa bila kazi, mimi mwenyewe sipo." Akaniapisha nisikuandikie. Ndiyo maana alilichukua shuka kabla sijampa Mzee Redio. Kilikuwa kitu pekee cha kumficha ambacho hakuna mgeni angekiulizia.

Nikalia. Akaninyang'anya kamera, akasema angalau kaka yako amwone mdogo wake. Sikununa katika ile picha. Nilikuwa namtazama.

Nilipaswa kukuambia. Nilidhani kuna muda. Unisamehe, au unitukane tena, lakini andika.

Mdogo wako

*

6 Oktoba 1996

Kaka,

Shikamoo. Baada ya ile ya Julai na ile ya Agosti, hii ni ya tatu bila jibu.

Baba anakula akilazimishwa. Lile shuka amelitandika kitandani kwake na hataki nilifue. Saa ameitundika sebuleni, hakuukumbuka tena ule mzaha wa chooni. Kila akisikia baiskeli ya mtu wa posta anatoka nje, anasimama, anarudi. Mimi sitoki tena, namwangalia dirishani.

Kamera nimeifunga kwenye sanduku. Ukiitaka, nitaituma.

Mdogo wako

*

17 Novemba 1996

Mdogo wangu Chiriku,

Barua zako zote tatu zimefika. Nilikuwa nakaa kuandika, nikifika kwenye salamu nashindwa. Nakuuliza hali halafu nasubiri uniambie nini?

Ile ya Aprili nimeirudia mpaka imechanika kwenye mikunjo. Uliandika Baba mzima, wewe mzima, Mama anakusalimu. Hukuandika Mama mzima. Hukuweza kunidanganya hapo, na mimi nikapita juu yake nikaenda kuhesabu Mzee Redio. Kosa si lako. Ni mimi niliyesema Mama awe wa mwisho. Ni mimi niliyesema mtafute asiye na hamu ya kupigwa picha.

Unisamehe kwa ile barua. Naijua kwa moyo, na kila neno lake linaniumiza.

Juzi niliazima kioo cha kukuzia kwa karani wa ghala, nikaangalia tena zile picha, moja moja. Machoni mwa Baba, akiwa anacheka, kile kinukta cheupe si kinukta. Kina pembe nne. Ni shuka. Limo machoni mwa bosi, machoni mwa Mzee Redio mara zote saba, na chini yake kuna kitu cheusi kidogo mno, chembamba, kimesimama. Nilimtafuta Mama katika picha zote, kumbe kila mtu alikuwa anamtazama.

Katika ya thelathini na sita hakuna shuka. Macho yako yamejaa maji, na maji yenyewe ndiyo yaliyong'aa.

Kamera usiitume. Nunua filamu umpige Baba, mchana, mlangoni. Shuka mwachie.

Usimwambie kwamba mimi mzima. Mwambie namsalimu.

Kaka yako