Betri ya Mama Juu ya Mabati

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike sijakuandikia, lakini hii lazima uisikie. Unakumbuka vile ulikuwa unaanika betri za redio juu ya mabati ya jikoni, kando ya mbaazi? Ukizirudisha, redio inaongea tena, nawe unatuangalia kama umefanya muujiza. "Jua ni stima ya bure," ulikuwa unasema. Mimi na Mama tulikuamini kabisa. Nakwambia, hiyo elimu yako ilitaka kutuua!

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu hapa shuleni Matiliku kuhusu betri za lithiamu, hizi za simu. Nikawaeleza chembe za lithiamu zinavyohama upande mmoja hadi mwingine ukichaji, na kurudi ukitumia simu. Ndani kuna majimaji yanayoshika moto, kwa hivyo joto ni adui. Usichaji simu chini ya mto. Betri ikifura, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, si tunaianika tu? Kwetu kila mtu huanika."

Chaki iliniponyoka. Jana yake Mama alikuwa ameniambia betri ya simu yake imefura, ila atajua la kufanya. Nikampigia. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena. Wuui, Baba! Niliomba ruhusa nikaondoka na vumbi la chaki kwa nguo, na njia nzima hadi nyumbani Kwa Vonza nilikuwa naona moto tu.

Nilimkuta kivulini anapepeta ndengu, mzima kabisa. Betri ilikuwa kwa mabati, imefura kama andazi. Nikaishusha polepole na mwiko, nikaiweka kwa mkebe wa mchanga mbali na nyumba.

"Kwani umefutwa kazi?" Mama akauliza.

Nikacheka, nikalia, nikamkumbatia mpaka akanisukuma. "Baba yako alianika miaka yote!" Nikamweleza kwamba zile za redio zilikuwa aina nyingine, hii ikipata joto inaweza kulipuka. Akautazama ule mkebe. "Basi angejua, hata yeye angeiondoa," akasema.

Sasa ana betri mpya. Anaichaji mezani, akiwa macho, na jirani akianika yake anagombezwa vizuri. Mimi nalala usingizi, Baba. Asante Mungu.

Kama ulikuwa umemwekea Mama kiti huko, mkalishe mtu mwingine kwanza. Huyu bado ni wangu.

Pumzika,
Kitinda mimba wako