Kahawa Inapoa

Dada Ardis,

Theluji imefika madirishani, na mbwa amekuwa kiziwi kabisa. Watu wa kanisani wananiletea viazi vya kuoka kana kwamba nimefiwa na mume. Verlyn hajafa, tumeachana tu; yuko mjini Duluth kwa mpwa wake.

Uliniuliza habari za ile kodi ya mapato. Kila Aprili aliniwekea mezani karatasi za kodi yetu ya pamoja, mume na mke, kidole chake kikiwa pale pa kutia sahihi. "Weka hapa, bibie, kahawa inapoa." Nikaweka. Kumbe fedha alizopata kwa kutengeneza injini za boti hakuzitaja hata mwaka mmoja, na deni likawa letu sote.

Nikaomba watu wa kodi waniondoe kwenye deni hilo. Sheria inataka mume naye aulizwe kama mke alijua. Nilijua atanichongea, maana tuliachana kwa matusi. Aliandika mstari mmoja tu: "Hakujua. Miaka thelathini sikumwambia jambo langu lolote."

Wameniamini, Dada, sidaiwi hata senti. Mstari ule nimemsomea mbwa peke yake, kwa kuwa hasikii. Ndilo neno pekee la kweli alilowahi kusema juu ya ndoa yetu, na hata hilo hakuniambia mimi. Aliwaambia watu wa kodi.

Mdogo wako,
Maxine