Mikono ya Mama Zuhura

Mjukuu wangu Asha,

Marahaba. Huku Makote hatujambo, babu yako anakohoa kidogo tu, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza mtu wa filamu za maisha halisi, kama unazosomea, anajuaje kamera amwelekezee nani. Nilipokuwa nimeolewa juzijuzi, mmoja alikuja kutupiga picha tukibangua korosho. Mimi nikanawa majivu mikononi, nikavaa kanga mpya. Jirani yangu Mama Zuhura hakujisumbua, akaendelea kubangua.

Yule bwana alikaa chini kando yake, akaipiga picha mikono yake mpaka mwenzangu akamsahau. Mimi bila majivu mafuta ya maganda yangeniunguza, nikabaki nimesimama kama bibi harusi asiye na bwana.

Walipotuonyesha filamu kwenye shuka jeupe, mimi nilikuwa ncha ya kanga tu. Nilichukia! Lakini ile mikono niliitazama mpaka mwisho. Ilikuwa kama yangu ya kila siku.

Hadi leo Mama Zuhura akininyooshea mkono tusalimiane, naona anaringa. Ukija na kamera, usitupe taarifa. Majivu ninayo tayari. Ila ukianzia kwake, na chakula ukale hukohuko.

Bibi yako,
Somoe