Nyuki Wenye Nili

Chole, Mafia

Kwa mdogo wangu Mwanaisha, huko Lamu,

Pokea salamu za mtu aliyekaa ugenini hata wenyeji wamesahau kuwa ni mgeni. Je, kifua chako kimepoa? Paa la nyumba ya mama mmewahi kuliezeka kabla ya masika? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi. Roho ndizo hazijatulia.

Wifi yako Rukia angali na mizinga yake ya magogo aliyorithi kwa babaye, imetundikwa uani chini ya upenu. Mwezi uliopita akida alisimama sokoni akatusomea amri ya boma: anayefuga nyuki mjini azungushe ukuta unaopita kichwa cha mtu, na awawekee nyuki maji uani. Wakimuuma mtu, mizinga itachomwa, na mwenye nyumba atatiwa mnyororo apelekwe bara kujenga barabara. Tulitimiza yote. Ukuta niliukandika kwa mikono yangu.

Lakini Maulidi yamekaribia, na jirani yetu Salimu, mpika halwa, ameanza kupanga masinia barazani. Nyuki gani atakunywa maji ikiwa sukari iko karibu? Juzi mke wa akida alikwenda kununua, akaumwa kwenye kope. Uso ulivimba hata jicho likapotea.

Nyumba tatu zinafuga nyuki hapa, na kila moja ilisema si wake. Basi leo asubuhi akida akamleta dobi na nili yake, ule unga wa buluu wa kung'arishia kanzu. Dobi akainyunyiza juu ya sinia lililojaa nyuki.

"Haya, nendeni makwenu," Salimu akawaambia nyuki. "Leo tutamjua mama yenu!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana kunyamaza kungenifichua.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Rukia amesimama mbele ya mizinga.

"Mzee, njoo utazame. Kisiwa hiki hakina ua la rangi hii."

Nyuki wenye nili waliingia mmoja, wawili, kisha sikuona haja ya kuhesabu.

"Labda ni wageni, wamekuja kuiba asali," nikasema.

"Mwizi haingii kwa adabu hivi. Ziba, mume wangu. Ziba wewe, mimi mkono hautaniinukia."

Nikakanda udongo nikaziba midomo ya mizinga yote, ili askari wa boma wakija kukagua wakute magogo yaliyokufa. Hapo ndipo tulipokosea. Tuliwafungia waliomo ndani, tukawasahau waliokuwa bado kwa Salimu. Hao wamerudi, wamekuta hakuna mlango, na sasa wamejibandika juu ya ukuta, tabaka juu ya tabaka, buluu tupu. Rukia amewamwagia maji; hawaondoki. Huko njiani watu wamesimama kutazama, na hakuna anayecheka.

Askari watapita baada ya sala ya alasiri. Barua hii nampa nahodha anayeng'oa nanga sasa hivi. Nikichukuliwa, Rukia atakuja kwako. Miaka yote nilimwomba tuhamie Lamu, akakataa kwa ajili ya nyuki wake. Leo amekubali bila kuombwa. Mpe chumba changu, wala usimuulize kitu mpaka aseme mwenyewe.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mjomba seremala, na wanao wote. Waambie sijambo. Ilikuwa kweli nilipoanza kuandika.

Ni mimi kaka yako,
Bakari