Babu Anataka Pengo Lake

Mpendwa Shangazi Waithera,

Pokea salamu kutoka Kisaju, na tafadhali nijibu kabla sijafanya jambo, kwa sababu tupa ninayo tayari na nimeificha chini ya godoro.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, nimeitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Kajiado, lakini kinachoninyima usingizi si masomo, ni meno ya babu yangu mzee Katoo, ambaye meno yake ya chini yalikwisha yote kwa uzee hata akawa anaitazama nyama tu kama mtu anayetazama picha, basi baba mdogo Kuntai, ambaye anafanya kazi Nairobi, akaamua mzee atengenezewe meno ya bandia, na kwa vile babu Kiswahili chake ni kidogo, mimi nikatumwa nifuatane naye mpaka Kitengela kwa daktari wa meno, Daktari Gakuru, niwe mkalimani.

Lazima nikueleze, Shangazi, kwamba babu aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini akiwa mtoto, kama wazee wetu wengi wa Kimaasai, na lile pengo ndilo lililokuwa urembo wake, ndipo alipopigia mluzi wa kuita ng'ombe na ndipo alipotemea mate ya baraka. Sisi watoto wa siku hizi hatung'olewi, hata baba mdogo hakung'olewa, ndiyo maana babu husema amezaa punda, kwa kuwa punda ndiye mnyama mwenye ukuta wa meno usio na mlango.

Siku ya kupimwa, daktari alimjaza babu kinywani kijisahani chenye dawa laini kama unga uliokandwa, ya kuchukua umbo la ufizi, na babu hakuweza kusema neno, kwa hivyo akainua vidole viwili kuonyesha kwamba meno mawili yaachwe, naye daktari akacheka sana, akainua vidole viwili vyake, akasema, "Kumbe mzee ni mtu wa upinzani! Tuko pamoja!" Mimi nilielewa babu alitaka nini, lakini niliona haya kumsahihisha mtu mzima aliyevaa koti jeupe, na pia sikutaka kufungua mdomo mbele yake, kwa sababu zangu, maana tangu Agosti mimi hutafuna upande mmoja tu.

Tuliporudi kuchukua meno, yalikuwa mazuri kweli, meupe, yamepangwa kwenye ufizi wa waridi, na mahali pa pengo pamejazwa barabara. Babu akavaa, akapewa kioo, akajitazama muda mrefu, kisha akasema kwa Kimaa, "Osikiria," yaani punda. Daktari akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema asante sana." Daktari akafurahi mpaka akampiga babu picha ya kutundika ukutani.

Shangazi, tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Jirani yetu Mama Mutheu alipomwona tu akapiga kelele, "Aii, mzee Katoo! Umekuwa kijana hivyo? Wacha nikamwambie bwana yangu awe macho!" Babu akayatoa meno papo hapo na kuyatia kwenye kopo lake la ugoro. Jioni aliyavaa tena, lakini alipojaribu kupiga mluzi, hewa ilitoka fuu, na ng'ombe hawakugeuka hata mmoja. Nilipomwomba anibariki kwa ajili ya shule, akatema, mate yakagonga yale meno mapya na kumrudia kwenye shuka yake mwenyewe. Alinitazama kwa huzuni akasema hatambariki mtu yeyote kwa kinywa cha kuazima, wala kwa ufizi mtupu usio na pengo. Sasa anakunywa uji na maziwa tu, amekonda, na mkanda amelazimika kuuongeza tundu.

Baba mdogo alipokuja alimwambia, "Mzee, karne inaisha, na wewe bado unalilia pengo?" Babu akamjibu, "Karne iishe na meno yake. Mimi nimezungukwa na punda maisha yangu yote, sasa mnataka niwe mmoja wenu?" Baba mdogo akakasirika, akasema yale meno hayarudi kwa daktari, na baba yangu hataki kuingilia.

Kwa hivyo nilikwenda kwa fundi Musau anayechomelea milango, nikaazima tupa, nikafanya mazoezi kwenye kitana cha mama, na meno mawili ya kitana yalitoka vizuri sana, ingawa mama bado anauliza ni nani. Jumamosi watu wote wanakwenda harusi Isinya. Ningeweza kuyachukua meno ya babu kwenye kopo, nikayakata yale mawili ya katikati na kuyarudisha. Shule inafunguliwa mwezi ujao, na sitaki kwenda bila mate ya babu. Ninajua wengine watacheka, lakini dada yangu alitemewa na akafaulu. Je, nikate? Na nikikata, nianze juu au pembeni?

Mimi wako mtiifu,
Mjukuu Mwenye Tupa, Kisaju.

*

Shangazi Waithera anajibu:

Binti, kwanza rudisha hiyo tupa kwa mwenyewe. Leo. Mama yako mnunulie kitana ukipata nafasi.

Nimecheka, sikufichi, lakini sasa nisikilize. Kitana ni kitana. Meno ya bandia ya chini ni kipande kimoja chembamba, na katikati ndipo palipo dhaifu zaidi. Ukipitisha tupa pale utatia ufa usioonekana, na siku babu atakapouma nyama kwa furaha, kipande kitavunjika pande mbili na kumkata ulimi. Hapo atakosa pengo na meno pia. Fundi wa meno wa Daktari Gakuru ana mashine yake. Atayatoa yale mawili, atalainisha palipobaki, na babu atapata mlango wake. Ni kazi ndogo, kama ukiisema.

Na hukuisema! Wewe uliyepelekwa kuwa ulimi wa babu ulifunga mdomo, halafu "punda" ukaigeuza kuwa "asante sana". Daktari Gakuru ametoka kwao, hakuzaliwa Kisaju. Alipoona pengo aliziba, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na mgonjwa akiinua vidole viwili mwaka huu wa uchaguzi, kila mtu atafikiri siasa. Hana kosa. Mwambie hivi: "Daktari, babu alikuwa na pengo tangu utoto na analitaka." Atashangaa kidogo, ataomba radhi, pengine ataomba picha nyingine.

Kuhusu baba yako mdogo, usibishane naye, wewe ni mtoto. Nenda kwa baba yako, umwambie maneno haya kwa upole: "Baba, babu amekonda." Usiongeze lolote. Mwana hawezi kusikia hivyo akaendelea kutoingilia. Kinywa ni cha mzee Katoo, na aliyelipia meno hakununua kinywa.

Meno yakisharudi, babu asianze na mbavu za mbuzi. Aanze na vitu laini, nyama ikatwe vipande vidogo, atafune pande zote mbili. Ufizi ukichubuka, arudi kwa daktari, asivumilie kishujaa. Usiku ayatoe, ayaweke kwenye maji safi yasiyo moto, maana maji moto huyapinda. Na kopo la ugoro, binti! Hata punda angekataa.

Sasa tuje kwa yule mgonjwa mwingine, aliyedhani nitampita. Tangu Agosti unatafuna upande mmoja, na ulisimama ndani ya chumba cha daktari wa meno ukiwa umefunga mdomo. Uko tayari kukata meno ya mwenzako kwa tupa, lakini lako lisiguswe? Tundu likiwa dogo, linasafishwa na kuzibwa, unarudi nyumbani. Likifika kwenye mshipa, mzizi husafishwa na jino likavishwa kofia. Ukizidi kungoja linang'olewa, na baada ya hapo ni kutafuta jino la kubandika lishikizwe kwa majirani zake, au kipande cha kuvaa kama cha babu. Chagua mapema, ungali na la kuchagua.

Kwa hiyo mtakwenda Kitengela wawili, na wewe ndiwe utakayekaa kwenye kile kiti kwanza. Ukiogopa, mwombe babu akushike mkono, na umuulize ile siku yake ilikuwaje. Yeye alitolewa mawili kwa kisu, bila sindano, na hakuruhusiwa hata kupepesa jicho. Wewe utadungwa sindano na kuambiwa pole.

Kisha mrudi nyumbani, apige mluzi wake, ng'ombe wageuke. Asubuhi ya kwenda shule simama mbele yake, fumba macho, upokee mate yako. Na usijipanguse uso mpaka basi lako lipite Isinya.