Beji ya Babu Inang'aa

Jumapili, kijijini Ukata

Kosa ni langu, hakuna wa kumlaumu. Kila anayetaka nimtambulie beji ya zamani ya jeshi la mkoloni namwonya mapema asiisafishe, maana uchafu haudhuru kitu, ila herufi zikifutika basi tena. Shangazi tu sikumwonya. Nilimpigia simu kwamba nakuja kuiona beji ya babu, nikakata.

Leo ameifungua kutoka kwenye kitenge, inang'aa kama kalisi ya altareni. Tangu jana anaisugua kwa majivu na mchanga, kama tunavyosugua sufuria za sherehe! Namba ya kikosi haipo. Mnyama wa katikati amebaki uvimbe tu. Nyuma ni laini kama ukucha.

Babu alikwenda vitani shangazi akiwa bado tumboni, na hakurudi; ililetwa beji tu. Kikosi ndicho kingetuonyesha alifia nchi gani. Shangazi anataka nchi hiyo itajwe kwenye misa ya marehemu kabla na yeye hajaondoka.

"Haya mwanangu, inasemaje?"

Nikamjibu kwamba nitatazama kwanza kwenye vitabu. Vitabu gani? Ninavyo viwili, na vyote vinaanza na namba ya kikosi.

Nimeigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nimeipapasa kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Hakuna kitu. Miaka kumi na mbili natambua beji za watu wengine, na hii ya kwetu...

Wakati naaga akanionyesha vidole vyake vilivyochubuka. "Lakini nimeisafisha vizuri, au siyo?"

Nikasema, "Vizuri sana, shangazi."