Nyekundu Hufa Kwanza Majini

Tumbe, Pemba

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Ramadhani, Ujiji

Shikamoo Baba, na shikamoo nyingine ni ya mkweo Kombo, ambaye amesimama hapa mlangoni mpaka aone nimeiandika. Assalaam alaykum wewe na wote walioko nyumbani. Magoti yanasemaje siku hizi? Na Mama, anakunywa dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya mkeka? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na safari hii nikisema wazima ni wazima kweli. Huko nyuma nilikuwa nasema tu ili usihangaike. Simu na masikio yako vimeshagombana, kwa hiyo nimekaa na kalamu, maana habari yenyewe ni ndefu na inakuhusu wewe mvuvi.

Nilikwambia Kombo aliumia mguu. Sikukwambia aliumiaje. Alikuwa amezamia majongoo ya bahari, akapanda juu haraka kuliko inavyotakiwa, na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Daktari Chake Chake akamwambia kuzamia basi, maisha yake yote. Baba, mume wangu alikuwa akizamia tangu ujana wake. Alirudi nyumbani akakaa barazani miezi, hasemi, chai inapoa mbele yake. Nikimuuliza jambo la baharini ananijibu, "Waulize wenye miguu."

Tulibakiwa na mtumbwi mmoja walioachiwa na marehemu baba yao, yeye na mdogo wake Hamad. Hamad si mtu mbaya, lakini ana haraka. Akasema mtumbwi unaoza bure, uuzwe. Mnunuzi alikuja hadi uani, akaugonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti. Kombo akaingia ndani akajilaza. Mimi nikamfuata Hamad, nikamwambia atupe muda mpaka bamvua la mwezi huu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, kwa sababu mtu anaweza kuvua akiwa amekaa. Kwenye mkondo unaopita kando ya mikoko kuna kolekole wanaofukuza samaki wadogo, na hao huvuliwa kwa chambo cha bandia: unarusha, unavuta, hakuna kuzamia.

"Haya," akasema Hamad. "Mpaka bamvua. Lakini chambo kiwe chekundu na cheupe. Rangi ndo samaki, shemeji. Nyengine zote mapambo."

Alikuwa nacho kimoja hicho, cha dukani Madungu, na muuzaji alimwapia kwamba hakuna rangi nyingine inayofaa bahari hii. Nilicheka moyoni, Baba, nikakukumbuka ukisema rangi imewekwa kumvua mvuvi, si samaki. Hata hivyo sikuwa na uhakika. Kwa hiyo nikaamua kujaribu kama wanavyojaribu dawa. Nilichukua kandambili kuukuu, nikachonga samaki watatu wa urefu mmoja na unene mmoja, kila mmoja na chubwi lake dogo la risasi tumboni na ndoana sawasawa. Mmoja nikampaka mweupe mwenye kichwa chekundu, kwa rangi ya kucha. Wa pili kijani ya kumetameta. Wa tatu nikampaka piko, ile nyeusi tunayojichorea harusini, nikamfunika na rangi ya kucha isiyo na rangi ili isitoke. Bi Mize, mama mkwe, alipomwona huyo mweusi akasema, "Mwanangu, huyu umemvisha eda?"

Nikamwambia Kombo kwamba sitaweza kuvuta kasia na kubadilisha nyuzi peke yangu. Sikumwambia "njoo ujaribu," maana angekataa. Akanyanyuka akanung'unika, akaliegemea bega langu mpaka ndani ya mtumbwi. Watu walitazama, mke na mume chombo kimoja. Bi Mize akawajibu kwa niaba yetu, "Ntu na nkewe, nyinyi mnauliza nini?"

Siku mbili za kwanza maji yalikuwa maangavu, unahesabu matawi ya mwani. Kila baada ya muda tulibadilishana samaki wetu wa kandambili, ili isiwe mkono wa mtu wala upande wa mtumbwi ndio uliobahatika. Na Baba, ulishinda! Mwekundu alipata, kijani akapata, mweusi akapata, wote vikolekole vidogo vya kujaa kiganja tu. Kilicholeta tofauti ni namna ya kuvuta. Ukivuta mfululizo hupati kitu. Ukivuta, ukaacha kidogo kama samaki aliyechoka, ukavuta tena, anakuja. Kombo ndiye aliyeligundua hilo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu aumie.

Lakini vikolekole vile havikuwa vya kupeleka mnadani, tulivila wenyewe. Kisha masika yakamwagika siku tatu. Tuliporudi, mkondo ulikuwa chai ya maziwa kwa udongo wa mashambani. Tukarusha kijani, hakuna. Mwekundu, hakuna. Nikafunga mweusi kwa kukata tamaa tu, na uzi ukanyakuliwa mkononi mwangu mpaka ukanikata kidole. Yule samaki alichomoka. Nikarusha tena, akaguswa tena. Nikampa Kombo mweusi, mimi nikachukua mwekundu: akaguswa yeye, mimi kimya.

"Hainiingii akilini," nikamwambia. "Maji yenyewe giza. Cheusi ndani ya giza ataonaje?"

Kombo akatazama maji. Nilidhani ataniambia niwaulize wenye miguu. Badala yake akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayefungua sanduku la zamani.

"Wewe unaangalia kutoka juu, Zuhura. Samaki yuko chini. Ukiwa chini, juu ndiko kwenye mwanga, hata maji yakichafuka. Kitu cheusi kikipita juu yako unakiona kivuli chake chote, kichwa mpaka mkia. Cheupe kinayeyuka mle mle mwangani. Na nyekundu? Nyekundu hufa kwanza majini. Siku moja nilijikata na tumbawe kule chini kabisa, damu yangu mwenyewe nikaiona kijani. Hapa si kina kirefu, lakini kwa tope hili nyekundu haifiki mbali, inakuwa kama jivu."

Akaendelea, Baba. Alisema mpaka maji yakapwa na tukakwama kwenye mchanga. Miezi yote ile niliyodhani bahari imetoka moyoni mwake, kumbe alikuwa amekaa nayo kifuani, hajui aipeleke wapi.

Siku ya bamvua Hamad akaja mwenyewe na chambo chake cha Madungu. Adhuhuri, maji yanajaa, rangi ile ile ya chai. Akakaa nyuma, Kombo mbele, mimi katikati na kasia. Hamad akarusha, akarusha, akarusha. Kombo akarusha mara ya nne, akavuta, akaacha kidogo, na mtumbwi ukageuka wenyewe! Uzi ulilia ukingoni. Mguu wake mbovu ukateleza, akaanguka magoti, na Hamad akanyoosha mikono amnyang'anye uzi.

"Wacha!" Kombo alipiga ukelele. "Uliokufa n'guu. Nkono wangu nzima!"

Alipigana na samaki akiwa amepiga magoti, viganja vinatoka damu, mimi nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Kolekole aliyeingia mtumbwini alikuwa mrefu kuliko mkono wangu, ubavu wake kama sinia. Hatujamaliza kumshukuru Mungu, Kombo akapata wa pili.

"Bahati," akasema Hamad, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Tubadilishane," Kombo akamwambia. "Chukua mweusi, nipe chako."

Wakabadilishana. Kombo na kile chekundu cha dukani hakuguswa hata mara moja. Hamad alirusha mara mbili tu na mweusi, akapata. Alipomwingiza samaki wake, akamshika kaka yake kichwa akambusu kwenye paji la uso.

Tulipofika diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, Hamad aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga. "Njooni mwone aliowavua Kombo!" Wachuuzi waliacha baiskeli zao wakaja. Yule mnunuzi wa mtumbwi naye alikuwapo. Hamad akamwambia mbele za watu, "Chombo hakiuzwi. Kina mwenyewe." Baba, nilijifunika buibui usoni nikalia kama niliyefiwa, na ilikuwa furaha tupu.

Basi hukumu yangu ndiyo hii. Ziwa letu maji yake kioo, ndiyo maana hukuona rangi ikifanya kazi, na kwa maji ya namna ile ulisema kweli. Lakini maji yakichafuka, rangi ni jambo kubwa, na si rangi inayompendeza mwenye duka. Hilo usibishane nami, nina kovu kidoleni.

Sasa barazani kwetu hapakaliki. Wanakuja wavuvi mpaka kutoka Micheweni kumuuliza Kombo samaki anaona nini kule chini, na mimi nimemaliza kandambili za mtaa mzima.

Nisalimie Mama, mwambie mkeka nitaufunua mwenyewe nikija. Nisalimie kaka Idi, na umwambie ajaribu mweusi ziwa likichafuka mdomoni mwa mto. Shangazi Mwamvua anayetuuzia mawese, mpe salamu zangu na za Bi Mize, ambaye anataka kujua lini mtakuja kuiona bahari. Na jirani aliyekusomea barua yangu iliyopita, Mungu ampe macho marefu.

Ninaacha hapa, maji yameanza kujaa na naitwa pwani. Leo Kombo ameingia mtumbwini bila kushika bega langu.

Mwanao akupendaye,
Zuhura, mke wa Nahodha Kombo